Friza Limejaa, Usije

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti langu zima siku ambazo hakuna mvua, na jiko la shule bado limesimama. Wanafunzi wanakula kama kawaida yao, yaani kana kwamba serikali imetangaza kuwa kuanzia kesho chakula ni marufuku. Tumeletewa mwalimu mkuu mpya. Wiki ya kwanza alisema maharage yangu yana chumvi nyingi. Nikampikia yasiyo na chumvi hata chembe. Sasa anasema yale ya mwanzo yalikuwa na ladha yake.

Nakuandikia kwa sababu simu tumeshindwana. Mara ya mwisho ulinikatia, mara ya kabla ya hapo nilikukatia mimi, na huku mlimani nikitaka mtandao sharti nipande ngazi ya tangi la maji. Mwanamke wa umri wangu hapandi tangi ili akakatiwe simu. Barua haikatiki. Bwana Mikate, yule anayeleta mikate ya shule asubuhi, amekubali kunipelekea posta akishuka mjini, kwa hiyo lawama za kuchelewa mpe yeye.

Sasa lililoniandikisha. Nasikia una mimba ya miezi minne. Nimesikia kwa mumeo. Mimi niliyekulea tangu siku tuliyomzika mama, ukiwa bado unavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, nimepewa habari zako na fundi wa lifti! Hongera lakini. Nimefurahi mpaka nimeunguza uji.

Nitakuja mwisho wa mwezi wa tano. Nitakaa mpaka mtoto akaze shingo, pengine mpaka aote meno, tutaona. Mwambie shemeji aandae chumba cha wageni. Na wewe acha kukaa kwenye gari na watu wasiojua breki iko mguu upi.

Dada yako


23 Februari

Dada,

Salamu zako zimefika, pamoja na lawama zako, ambazo nazo zimefika salama bila kupungua hata moja. Sisi wazima. Mume wangu anakusalimu na anasema hakujua kuwa zile zilikuwa habari za siri. Kazini wiki hii mwanafunzi wangu mmoja, meneja wa benki, amerudisha gari nyuma mpaka ndani ya saluni ya kinyozi. Kinyozi alikuwa na mteja kwenye kiti. Mteja akauliza kama na sisi tumekuja kunyoa. Mimi nina breki yangu upande wa abiria, nilikanyaga, lakini siku hizi tumbo linafika kabla ya mguu.

Kuhusu kuja kwako. Usihangaike, Dada. Tumepanga vizuri. Kuna mwenye bucha alifunga biashara akauza vitu vyake, tukanunua friza lake, lile la kulala lenye kifuniko cha juu. Limejaza nusu ya jiko. Mpango wangu ni huu: kila Jumamosi napika chakula kingi, nakigawa kwenye vyombo vya plastiki, nakigandisha. Mtoto akija, mimi nitakuwa natoa chombo, napasha moto, nakula. Hakuna anayepika, hakuna anayehangaika, hakuna anayeacha kazi yake kuja kunilea kana kwamba ninarudi darasa la kwanza.

Ila nina swali dogo la kitaalamu. Jumamosi iliyopita nilipika mchuzi wa nyama na viazi. Nilipoupasha juzi, viazi vilikuwa kama sponji ya kuoshea vyombo. Mume wangu alikula, akasema ni vitamu. Ndipo nilipojua ni vibaya sana.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikaisoma tena, nikampa na Bwana Mikate aisome ili nipate shahidi. Sisi wazima. Mvua zimeanza, goti limejua kabla ya redio.

Kwa hiyo siku hizi mzazi analelewa na friza. Hongereni. Hilo friza litakukanda mgongo? Litamshika mtoto usiku wewe ulale? Litawaambia wageni kuwa umechoka waende kwao? Mimi kazi hiyo ya mwisho naifanya bure na kwa furaha. Lakini sawa, mimi ni mpishi wa shule tu, najua kulisha watu mia nne chakula ambacho kimepikwa siku hiyo hiyo. Ushamba mtupu.

Kwa kuwa unaniuliza: viazi havigandishwi kwenye mchuzi. Utavichemsha siku ya kula. Maharage yatoe jikoni kabla hayajaiva kabisa, yatamalizikia wakati wa kupasha. Chumvi weka kidogo, utaongeza baadaye. Mchuzi uache upoe kabisa kabla ya kufunika, na usijaze chombo mpaka juu, kikiganda kinavimba na kupasua kifuniko. Wali unagandishika, amini usiamini. Bwana Mikate anasema mkate pia unagandishika vizuri ukiukata vipande kwanza. Anasema unga ukishakandwa unaweza kulala kwenye baridi ukaamka mzima. Leo ameleta mkate mmoja wa ziada wenye ufuta juu, akasema ni wa majaribio. Ni wa majaribio kila Alhamisi. Nimemwambia majaribio hayo yatamfilisi.

Nakuja tarehe ishirini na tano mwezi wa tano. Tiketi nimeshamwambia wakala aniwekee.

Dada yako


3 Aprili

Dada,

Hatujambo. Tumbo linakua, friza linajaa, mume wangu amejipa kazi ya kubandika majina kwenye vyombo. Ameandika "Maharage", "Maharage mengine" na "Sina hakika". Kinyozi amekubali kutusamehe kwa sharti kwamba yule meneja asinyolee pale. Ushauri wako umefanya kazi. Kuku wa juzi alikuwa mtamu, tuligombania.

Barua yako haikuja na posta. Ililetwa mlangoni na mtu mrefu aliyevaa koti la suti na kiganjani ana unga. Nikafungua, akaniamkia yeye kabla sijamwamkia, kwa aibu, ikabidi turudie upya kwa utaratibu.

"Mimi ndiye wa mikate," akasema. "Nimekuja kutafuta kipuri cha tanuri. Nikaona posta itachelewa."

"Nakujua," nikamwambia. "Dada anakutaja."

Alikuwa anakaa. Akaishia hapo hapo katikati, hajakaa wala hajasimama. "Ananitaja?"

"Kila barua."

"Anasemaje?"

"Kwamba ukichelewesha barua lawama ni zako."

Akakaa, akacheka peke yake mpaka nikamwonea huruma. "Mimi nichelewe! Mimi!" Kisha akaliangalia tumbo langu kwa heshima, kama mtu anayeangalia saa ya stesheni. "Samahani mwanangu, unatarajia lini?"

"Mwisho wa mwezi wa sita."

Akatingisha kichwa. "Haya. Basi na mimi ni hapo hapo."

"Na wewe nini?"

Dada, nimewafundisha watu wengi kuendesha gari na uso wa mtu anayegundua kuwa amepita taa nyekundu naujua. Alidhani nimeambiwa. Hakunywa chai tena mpaka nilipomtoa maneno moja moja. Kwamba amekuomba umuoe, samahani, akuoe, na ukasema asubiri mpaka mimi nijifungue. Kwamba kabla ya hapo ulimwambia asubiri mpaka niolewe. Kabla ya hapo, mpaka nimalize chuo. Kwamba mara ya kwanza kabisa anakuomba mimi nilikuwa kidato cha pili, nikiwa na surua, na ukamwambia, "Ngoja huyu apone."

Nikamuuliza kwa nini hajachoka. Akafikiri. Akasema, "Unga unaweza kuungoja. Lakini ukizidisha unashuka, na ukishashuka haupandi tena. Sasa mimi naona kama tunakaribia hapo." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anayesoma maelekezo ya kipuri.

Akaondoka na kipuri chake. Nimepona surua, Dada. Nilidhani unapaswa kujua.

Mdogo wako


15 Aprili

Wewe,

Salamu utazipata kwa wengine. Mimi mzima.

Barua hii imekuja na dereva wa lori la kuni, kwa sababu mjumbe wangu wa zamani nimemwachisha kazi. Mikate bado anaileta, naihesabu kimya, naipokea kimya. Leo ameuliza kama naumwa. Nimemwambia aulize watu wa mjini, ndio wanaojua habari zangu.

Kwanza, hayo ni maneno ya mtu aliyevuta moshi mwingi wa tanuri. Pili, hata kama ni kweli, hayakuhusu. Tatu, hebu niambie mimi na umri huu nikavae shela niende wapi? Wasichana wangu wa jikoni watacheka mpaka waangushe masufuria. Mimi nina jiko, nina chumba changu chenye madirisha mawili, nina redio. Nne, unadhani ni rahisi? Unadhani mtu analala tu anaamka anasema haya, mtoto mkubwa sasa, nizime moto niondoke? Wewe hata nepi hujawahi kufunga. Utamuogeshaje mtoto mchanga anayeteleza kama sabuni? Nani atakwambia kuwa kulia kule ni kwa njaa na kulia huku ni kwa tumbo? Hilo friza?

Nakuja tarehe ishirini na tano. Mambo ya mikate yafunge.

Dada yako


26 Aprili

Dada yangu,

Natumaini hujambo, na goti, na redio.

Usije.

Naandika neno hilo peke yake ili lisipotee katikati ya mengine. Friza limejaa. Kuna maharage, dengu, kuku, nyama ya kusaga, supu ya malenge, wali, mikate iliyokatwa vipande. Limejaa mpaka mume wangu anakalia kifuniko ndipo kinafunga. Niliposikia yale maneno sebuleni kwangu nilianza kupika na siku za kazi. Nimepika kwa hasira, na nimegundua kwamba hasira inasaidia sana kukata vitunguu.

Ulijinyima kwa ajili ya surua yangu, sawa, sikuulizwa. Kwa ajili ya chuo changu, sikuulizwa. Kwenye harusi yangu ulilia kuliko mtu yeyote, nikadhani ni furaha. Sasa naulizwa, au nimejiuliza mwenyewe, na jibu langu ni hapana. Mtoto wangu hajazaliwa bado na tayari amewekwa kuwa kisingizio. Mwache kwanza azaliwe, atakuwa na makosa yake mwenyewe.

Nepi nitajifunza. Watu wajinga kuliko mimi wamefunga nepi. Meneja wa benki amefaulu mtihani wa udereva, kwa hiyo hakuna lisilowezekana.

Ukija tarehe ishirini na tano nitakupokea vizuri, nitakupa chai, na nitakukatia tiketi ya kurudi jioni hiyo hiyo.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shule imefungwa. Mvua zimekatika.

Barua yako niliipata. 

Nilimwambia wakala ampe mtu mwingine ile tiketi. Jumamosi iliyopita nimeolewa, ofisini kwa mkuu wa wilaya, mashahidi walikuwa mwalimu mkuu na dereva wa lori la kuni. Sikuvaa shela. Wasichana wa jikoni walicheka, kama nilivyosema, kisha wakalia, jambo ambalo sikulisema.

Umepata ulichotaka. Kila la heri na chakula chako.

Dada yako


29 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijui kama nianze na hongera au na msamaha, kwa hiyo naanza na mtoto. Ni wa kike. Alizaliwa tarehe kumi na sita, mzima, ana nywele nyingi na sauti ya honi ya basi. Tumempa jina la mama. Hakutokea kwa njia tuliyokubaliana. Nilipigana naye usiku kucha, asubuhi daktari akasema inatosha, nikafanyiwa upasuaji. Ilikuwa hatari kidogo. Nimeandika "kidogo" kwa sababu mume wangu anachungulia. Sasa niko nyumbani, nimeshonwa kama gunia la mahindi, natembea nimejikunja kama naokota sindano.

Hebu nikusimulie jambo, na ucheke, nakupa ruhusa.

Mume wangu alipewa siku chache, zikaisha. Jumatatu lifti ya hospitali ile ile niliyojifungulia ikakwama na watu ndani, akaitwa alfajiri. Akaniachia chai kwenye chupa, akasema saa sita atakuwa amerudi kunipashia chakula. Saa sita haikumwona. Saa nane haikumwona. Mtoto ananyonya kana kwamba ameambiwa chakula ni marufuku kuanzia kesho, mimi natetemeka kwa njaa. Nikajisemea, lakini mimi si nina friza?

Nikajikokota jikoni. Nikainua kifuniko, hicho niliweza. Sasa vyombo. Vya juu mume wangu alivimaliza siku nilizokuwa hospitali. Vilivyobaki viko chini kabisa, na mtu aliyepasuliwa tumbo hainami, Dada. Nilijaribu kwa mkono. Nilijaribu kwa mwiko. Nilijaribu kwa ufagio. Niliviona vyote pale chini, kuku, dengu, "Sina hakika", vimejipanga vizuri, vinaniangalia. Chakula cha miezi miwili, na mimi nimesimama juu yake na ufagio mkononi, njaa inaniuma, mtoto chumbani anapiga honi.

Nikavuta kigoda nikakaa pale pale pembeni ya friza, nikalia. Nililia kwa sauti, kama yule wa surua.

Jirani wa ghorofa ya juu alikuja kwa sababu ya kelele. Ni mzee anayetengeneza saa. Akainama, akatoa kuku, akampasha, akanilisha akiwa anaangalia dirishani ili nisione aibu. Nimekula. Hakukuwa na tatizo lolote na chakula. Kina ladha yako, nilifuata kila ulichosema. Ndiyo maana nilishindwa kukimaliza.

Nilipokwambia usije nilimaanisha. Ningekwambia tena leo. Nilitaka uolewe, Dada, sikutaka uniache. Nilidhani haya ni mambo mawili na nikayaandika kama jambo moja. Wewe ndiye unayejua kunisoma, nilidhani utaelewa, halafu ukanijibu kama unamjibu mwenye bucha.

Sikuombi uje. Wewe ni mke wa mtu, mna siku zenu. Nakuarifu tu kuhusu lile friza, ulikuwa umeuliza kama litamshika mtoto.

Halikumshika.

Mdogo wako


7 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Na mtoto marahaba, ingawa hajaamkia.

Nimecheka kwenye ufagio, kwa sababu ulinipa ruhusa. Kwingine kote nimekaa nje ya jiko nyuma ya tangi la maji nikilia, na wasichana wakadhani ni moshi. Uliponiambia usije nilidhani umenichoka. Nikaona sawa, nimemlea mpaka amenimaliza, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nikaolewa kwa hasira. Nakwambia ukweli, nilimsainia Bwana Mikate nikiwa nimekununia wewe, mpaka mkuu wa wilaya akauliza kama nimelazimishwa. Hasira ilikwisha siku ya tatu. Niliamka nikakuta mtu amechemsha maji ya kuoga, ameyapima joto kwa kiwiko cha mkono, kwa sababu hajui mwanamke mzima hupimiwa vipi. Nikakaa kitandani nikamwangalia. Miaka yote hiyo, mdogo wangu. Surua!

Hapo ningepaswa kukuandikia. Sikuandika. Nilikuwa nangoja uanze wewe.

Barua yako alinisomea yeye, maana nilipofika kwenye gunia la mahindi macho yalikataa. Alipofika mwisho aliikunja barua. Alitoka akaenda kumkabidhi ndugu yake tanuri. Nikamfuata nikamwambia, "Mzee, watu wakioana huenda mahali wakapumzika wawili. Sisi mahali petu ni kwa mtoto anayelia, mzazi aliyeshonwa, na friza la mwenye bucha. Unaona vibaya?" Akafikiri, akauliza kama jiko lenu lina oveni. Nikasema linayo. Akasema, "Basi tunangoja nini?" Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake kuuliza swali hilo na kupata jibu.

Tunapanda basi la Alhamisi; barua hii inatangulia kesho na dereva wa lori la kuni. Mwambie shemeji asitupikie, atoe tu hivyo vyombo vyote kutoka chini aviweke juu, tutavila sisi wawili, hata kile asicho na hakika nacho. Wewe utakula chakula cha siku hiyo. Huyo mzee wa saa mwalike, nataka kumshika mkono.

Usisafishe nyumba. Usisimame kutupokea. Na usinishukuru, nitaanza kukugombeza na nimechoka.

Tangu ukiwa mdogo, kila nilipokuja kwako kuna kitu nilikiacha nyuma kinaningoja, nikawa na wewe huku nageuza shingo. Safari hii nakuja na vyangu vyote. Vingi viko kwenye begi. Kimoja kimesinzia kwenye kiti hapa mbele yangu, kimevaa koti tangu saa kumi alasiri na safari ni keshokutwa, kina unga masikioni.

Dada yako